Majeruhi kalazwa na usaha hauishi: mwongozo kamili kwa ndugu anayeuguza

Swali ni lile lile, liwe limetoka Urambo, Kaliua, Sikonge au Tabora mjini: "Ndugu yetu kavunjika mguu kwa bodaboda, kapigwa sindano wiki ya pili hii, mbona usaha bado?" Halafu linafuata la pili: "Sindano gani ni kali zaidi, tukanunue?"

Hilo la pili ndilo linaloharibu. Sindano kali inabadilishwa, usaha unapungua siku mbili tatu, kisha unarudi mzito kuliko ulivyokuwa, na sasa hausikii hata ile kali.

Mwongozo huu ni wako wewe unayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, unayemlisha, unayemfulia na kutumwa duka la dawa. Mgonjwa mwenyewe ni aliyeumia vibaya: mfupa umetokeza nje, kaungua bani la tumbaku liliposhika moto, kaanguka kutoka juu ya mwembe msimu wa maembe, au kakatwa panga. Ana kidonda kikubwa, ana mipira mwilini (wa mkojo, wa dawa ya mshipani), na atakaa wodini siku nyingi. Matibabu ni ya daktari na muuguzi. Ila kuna kazi nyingi zilizo mikononi mwako, na nyingi ndizo zinazokosewa.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote. Antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, husafiri kwa damu, na nyama iliyokufa haina damu. Ni kama shamba ambalo mfereji wake umeziba: ongeza maji kule juu utakavyo, mche wa mwisho hauyaoni. Dawa ikifika kidogo kidogo kwenye kidonda kichafu, vimelea dhaifu hufa na vile vinavyoihimili hubaki peke yake, vikazaliana. Huo ndio usugu, na unaweza kujengeka hapo hapo kitandani.

## Vitu vya kuandaa

Usisubiri kuambiwa. Siku ya kwanza tafuta hivi:

- Sabuni ya kipande, pamoja na ndoo yenye bomba au kibuyu chirizi. Maji ya kunawa yawe yanatiririka, si ya kuchovya.
- Kitakasa mikono, chupa ndogo ya kuning'iniza kwenye kitanda.
- Mabeseni mawili ya rangi tofauti: moja la kumwogeshea mgonjwa, jingine la nguo zenye damu na usaha. Yasibadilishane kazi.
- Shuka mbili na khanga mbili za mgonjwa peke yake.
- Sahani, kikombe na kijiko chake.
- Kipimajoto cha kidijitali, na saa au simu inayoonyesha sekunde.
- Daftari na kalamu. Hivi vina kazi kuliko unavyodhani.
- Ndoo ndogo yenye kifuniko kwa uchafu wako wa kawaida. Gozi na bandeji za kidonda huingia kwenye chombo cha hospitali, si humo.
- Kadi ya bima, au fedha ya kipimo cha kuotesha usaha (kukuza vimelea maabara) iliyowekwa kando, isiguswe kwa nauli.

Usije na unga wa kapsuli, spiriti, majani yaliyopondwa wala chupa ya asali ya kuweka kwenye kidonda. Asali nitairudia, maana Tabora huwezi kuikwepa.

## Hatua ya 1: Saa za mwanzo

Palepale alipoumia, mwagia kidonda maji safi ya kunywa kuondoa mchanga, kisha funika kwa kitambaa safi. Khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha. Usimwagie kahawa, udongo, mafuta wala dawa ya meno. Mfupa ukiwa nje, usiusukume ndani.

Mvunjiko wa wazi unahitaji dozi ya kwanza ya antibayotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu kuumia. Ukiwa vijijini huko Kaliua au Uyui, hiyo saa haikufikishi mjini. Kwa hiyo anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu: apewe dozi, apewe sindano ya pepopunda, kidonda kifunikwe, ndipo muondoke. Barua ya rufaa itaje dawa iliyotolewa na saa yake. Bila hilo, huko mbele wataanza kwa kukisia.

Mkifika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete kwa wa Tabora, jambo kubwa linalosubiriwa ni kidonda kuoshwa na kukatwa nyama iliyokufa ndani ya chumba cha upasuaji. Hilo ndilo tiba. Sindano ni msaidizi wake.

Hapa familia nyingi huteleza. Antibayotiki ya kukinga kwenye mvunjiko wa wazi ni ya muda mfupi: saa 24 kwa mvunjiko mwepesi, na kwa ule mbaya hadi kama saa 72. Daktari akiisimamisha siku ya tatu hajamtupa mgonjwa wenu. Wanaokwenda kununua nyingine kimyakimya na kumwomba mtu aichome usiku ndio wanaovifundisha vimelea kuizoea.

Umefanikiwa ikiwa kwenye faili kuna vitu vitatu: saa ya dozi ya kwanza, sindano ya pepopunda, na maandishi kwamba kidonda kimesafishwa.

## Hatua ya 2: Fungua daftari

Muuguzi wa zamu anaweza kuwa na wodi nzima mkononi mwake. Wewe una mgonjwa mmoja. Andika kila siku: tarehe, joto la asubuhi na la jioni, hali ya bandeji, dawa zilizotolewa na saa zake, chakula alichomaliza.

Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Jumanne. Joto asubuhi 37.4, jioni 38.3. Bandeji imelowa upande wa kisigino, rangi ya kijani, harufu mpya. Sindano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana. Ya saa 4 usiku haikutolewa, dawa imeisha. Amekula uji na mayai mawili."

Mstari huo mmoja unampa daktari mambo manne asiyoweza kuyaona akipita raundi asubuhi. Dawa ya kila saa 8 ikirukwa usiku, kiwango chake mwilini kinashuka na vimelea vinapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo dozi zikibaki za siku moja, sema siku hiyo hiyo, usingoje zikauke.

Uliza kwa adabu, hakuna atakayekasirika: "Dokta, habari za kazi. Naomba kujua, hii sindano ni ya nini na inaisha tarehe ngapi?" Andika jibu. Antibayotiki isiyo na tarehe ya kuisha ina tabia ya kuendelea hadi mtu akumbuke.

## Hatua ya 3: Mikono, na ukarimu unaobeba vimelea

Kama utafuata hatua moja tu, fuata hii.

Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kumlisha, baada ya kushika bandeji, mpira wa mkojo au bakuli la choo, na kila unapotoka kitandani kwake. Kwa sabuni na maji, sugua sekunde 40 hadi 60: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha. Kwa kitakasa mikono, sekunde 20 hadi 30, hadi mikono ikauke yenyewe. Mikono ikionekana chafu, kitakasa hakifai, tafuta sabuni. Kucha fupi. Pete na bangili zibaki nyumbani.

Kwa nini mkazo wote huu? Kwa sababu vimelea sugu vya wodini kila kimoja kina maskani yake. Acinetobacter hukaa kwenye sehemu kavu, kama chuma cha kitanda, meza na kitasa cha mlango, wiki kadhaa ikiwa hai. Pseudomonas hupenda majimaji: beseni lisilokaushwa, sabuni iliyoloweka kwenye kisahani, sinki. Klebsiella na E. coli huishi tumboni, hivyo hupitia choo na bakuli lake. Staphylococcus aureus hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wazima kabisa, mimi na wewe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipopanga upya orodha ya bakteria wa kuhofiwa, Acinetobacter isiyosikia dawa za jamii ya karbapenemu, antibayotiki kali za hospitalini, iliwekwa ngazi ya juu kabisa. Nayo husafiri kwa kiganja.

Sasa ukarimu. Wodini watu huwa ndugu upesi. Mama wa kitanda cha nne anamsaidia wa kitanda cha tano kumgeuza mwanawe, anamwazima beseni, wanakula sahani moja. Ni utu, na sitaki mtu aache utu. Lakini kitanda cha tano kikiwa na kidonda sugu, msaada huo ndio daraja lake. Msaidie jirani kwa kumwitia muuguzi, kumletea maji, kumtunzia simu. Kumgusa mgonjwa wake, nawa kabla na baada. Beseni na khanga haziazimwi.

Nina neno na wageni pia. Ukoo mzima unakuja Jumapili kutoa pole, kila mmoja anashika mkono wa mgonjwa, wawili wanakaa kitandani, mtoto anashika vyuma vya mguuni kwa mshangao. Waingie wawili wawili, wanawe, wakae kwenye benchi, pole itolewe kwa mdomo. Mwenye mafua au jipu asubiri nje chini ya mti. Mpe kazi hiyo mtu mzima anayeheshimiwa, baba mdogo au shangazi, maana kijana akimwambia mzee "usikae hapo" patakuwa na mengine.

Na muuguzi akija bila kunawa? Usimkemee. Sema, "Sista, karibu, nikumiminie maji?" huku umeshika jagi. Atanawa.

## Hatua ya 4: Kusafishwa kwa kidonda

Anayesafisha ni muuguzi au daktari, kwa vifaa vilivyotakaswa na glavu safi. Kazi yako ni kuandaa mazingira.

Uliza saa ya kusafisha, ukumbushe dawa ya maumivu itolewe kama nusu saa kabla. Mgonjwa anayelia na kurusha mguu husafishwa nusu nusu, na uchafu uliobaki ndio usaha wa kesho. Nimeona familia zikimwonea huruma majeruhi hadi kumwombea "leo aachwe apumzike". Hiyo si huruma.

Akirudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili au ya tatu, hakuna kilichoshindikana. Vidonda vibaya huoshwa tena baada ya siku moja mbili, kwa sababu nyama iliyoonekana hai jana inaweza kuwa imekufa leo.

Usifunue bandeji kuwaonyesha wageni wala kupiga picha ya kutuma kijijini. Bandeji ikilowa hadi nje, mwite muuguzi muda huo huo, kwa kuwa unyevu huo ni njia ya vimelea kuingia.

Usiweke kitu chako. Unga wa kapsuli au wa chupa ya sindano ya PPF (aina ya penisilini) ukiunyunyiza juu ya kidonda hutengeneza gamba. Usaha hubaki chini yake na dawa haipenyi, hapo umeupa usugu darasa la bure. Spiriti na Jik huunguza nyama changa inayoota. Jik ni ya sakafu: ile ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, damu ikimwagika.

Haya, asali. Asali ya Tabora ni asali, sibishi, na ni kweli asali huzuia bakteria: sukari yake nzito huwanyonya maji, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachotoa dawa ya kuua vijidudu polepole. Lakini asali inayotumika hospitalini imepigwa mionzi kuua mbegu za vijidudu jamii ya Clostridium, ambazo hujificha kwenye asali mbichi. Ile ya kwenye chupa ya sokoni haijapitia huko. Na ukiichemsha nyumbani kuitakasa, unakiua kile kimeng'enya huku mbegu zenyewe zikibaki. Mpe kwenye uji.

Kidonda kinachokwenda vizuri kina nyama nyekundu inayong'aa, kama punje ndogo ndogo, kinatoa damu kidogo kikiguswa, na harufu inapungua. Majimaji mepesi ya njano si lazima yawe usaha. Ute wa kijani unaonukia utamu usio wa kawaida mara nyingi ni Pseudomonas. Uandike kwenye daftari na umwambie muuguzi.

## Hatua ya 5: Kuotesha usaha, na kuotesha vizuri

Hapa ndipo mgonjwa anapookolewa au kupotezwa, na hapa ndipo watu hubania fedha huku wakinunua sindano za bei mara kadhaa ya kipimo.

Kuotesha ni kuchukua sampuli ya kidonda, kuikuza maabara, kujua ni kimelea gani, kisha kukiwekea vidonge vidogo vya dawa mbalimbali kuona kipi kinakiua. Uliza mapema maabara inapokea sampuli siku zipi na saa ngapi, hasa kuelekea mwisho wa wiki.

Kipimo hiki hufanywa pale dalili za maambukizi zipo: joto, wekundu unaopanuka, maumivu yanayoongezeka, usaha, kidonda kusimama kupona. Kidonda kikubwa kilicho wazi huwa na bakteria juu yake hata kikiwa kinapona. Ukiotesha kisicho na dalili utapata jina la kimelea, utaogopa, na mgonjwa atapewa dawa asiyoihitaji.

Namna inavyotakiwa:

1. Sampuli ichukuliwe kabla ya antibayotiki mpya kuanza au kubadilishwa. Hii ndiyo inayosahaulika. Mkumbushe daktari kabla ya kwenda kununua: "Dokta, tuoteshe kwanza kabla ya kubadili?"
2. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali. Usaha wa juu na uliokwama kwenye bandeji una vijidudu vya kila aina na utatoa majibu ya uongo.
3. Kipande cha nyama kutoka ndani, au cha mfupa wakati wa upasuaji, ni bora kuliko pamba ya kijiti. Ikiwa ni pamba, izungushwe kwenye eneo la sentimita moja ya nyama hai kwa kama sekunde tano, ikikandamizwa hadi majimaji ya ndani yatoke.
4. Kifaa kiandikwe jina, tarehe, saa, sehemu ya mwili na dawa anazotumia. Kifike maabara ndani ya saa mbili, au kiwe kwenye chombo maalumu cha kusafirishia. Ukitumwa kukipeleka, kipeleke. Kisikae mfukoni ukipitia chai.
5. Mgonjwa akiwa na homa kali, damu nayo ioteshwe, itolewe sehemu mbili tofauti za mwili.

Majibu huchukua kama siku mbili hadi tatu, ya damu hadi tano. Muda huo daktari ataanza na dawa anayokisia, na hakuna ubaya. Ubaya ni majibu kutoka na kukaa maabara. Siku ya tatu asubuhi nenda kauliza.

Karatasi itakuwa na jina la kimelea, na mbele ya kila dawa herufi. S: dawa inafanya kazi. R: kimelea ni sugu. I: inaweza kufanya kazi ikitolewa kwa kiwango kikubwa zaidi. Usikimbilie dukani na dawa yenye S. Daktari anaangalia pia kama dawa hiyo inafika kwenye mfupa, figo za mgonjwa zikoje, na kama ipo ya kawaida inayotosha. Piga picha ya karatasi hiyo, kisha ile halisi ibaki kwenye faili.

## Hatua ya 6: Dawa baada ya majibu

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni, ile sindano inayojulikana kila wodi, iko kundi la pili. Jentamaisini, kloksasilini na metronidazo ziko la kwanza, na kimelea chako kikizisikia, hizo ndizo bora. Kolistini iko kwenye akiba. Ukiishiwa nayo nyuma yake hakuna foleni ndefu.

Ukiandikiwa dawa isiyokuwepo hospitalini:

- Nunua famasi yenye mfamasia, upewe risiti. Linganisha jina na nguvu ya dawa na ya kwenye cheti, herufi kwa herufi, na angalia tarehe ya kuisha.
- Ukiambiwa "hii ni ile ile, tofauti jina tu", mpigie muuguzi kwanza.
- Ampiclox ya vidonge haiwezi kuchukua nafasi ya sindano aliyoandikiwa. Shirika la Afya Duniani haliupendekezi mchanganyiko huo.
- Nunua dozi kamili, si ya siku mbili "tuone". Fedha ikiwa haitoshi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji kama unayo. Kulala kimya na nusu dozi ni hasara maradufu.

Jentamaisini, amikasini na kolistini zinaweza kuumiza figo, na mbili za kwanza pia masikio. Pima mkojo unaotoka, uandike. Mgonjwa akisema anasikia mlio masikioni, sema.

Dawa sahihi juu ya kidonda kisafi huonekana ndani ya siku mbili hadi tatu: joto linashuka, hamu ya kula inarudi. Isipoonekana, swali la kumuuliza daktari si "tuongeze kali?" bali "kuna usaha uliofichika, au mfupa uliokufa?"

## Hatua ya 7: Mipira na sindano za mshipani

Fupi tu. Kila mpira ulio mwilini ni mlango. Kila asubuhi uliza: "Huu bado unahitajika?" Mfuko wa mkojo uwe chini ya kiuno cha mgonjwa lakini usiguse sakafu, na usiutenganishe na mpira wake kuumwaga, tumia koki ya chini. Kanula (kimpira cha kupitishia dawa mshipani) mkononi ikiuma, ikivimba au ngozi ikiwa nyekundu, itolewe, hata kama ni ya jana. Na umgeuze kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, ambavyo navyo huingia usaha.

## Hatua ya 8: Chakula

Aliyeungua au kuvunjika anajenga nyama mpya usiku na mchana, na nyama haijengwi kwa ugali mtupu. Mpe mayai, maharage, karanga zilizosagwa ndani ya uji, maziwa, dagaa. Dagaa wa Kigoma hufika Tabora kwa treni na kwa mabasi, hakuna kisingizio. Kidogo kidogo mara tano au sita, kuliko sahani kubwa inayorudi. Maembe na machungwa kwa vitamini C.

Hakikisha sukari yake imepimwa. Wapo waliogundulika na kisukari kwa sababu tu kidonda kiligoma kupona.

## Usisubiri raundi

Mwite muuguzi mara moja ukiona lolote kati ya haya kwa mtu mzima:

- Joto 38 au zaidi, au chini ya 36. Mwili kuwa baridi si nafuu.
- Anapumua mara 22 au zaidi kwa dakika. Hesabu dakika nzima.
- Anaongea ovyo, hakutambui, au usingizi umezidi.
- Mkojo umepungua sana: kwa mwenye kilo 60, chini ya mililita 30 kwa saa.
- Ngozi karibu na kidonda inatoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza, au maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana.
- Vidole chini ya hogo (plasta ngumu ya mvunjiko) ni baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi.
- Taya linakaza.

Sema kwa namba, si "hali yake si nzuri". "Sista, anapumua mara 28 na joto ni 39" humnyanyua mtu kwenye kiti.

## Hatua ya 9: Majibu yakionyesha usugu kwa karibu kila dawa

Si kurogwa, na si kwamba mgonjwa ni mchafu. Atahamishiwa chumba cha peke yake au kitanda cha pembeni, watu watamhudumia kwa glavu na gauni. Mweleze mwenyewe sababu, maana mgonjwa anayetengwa bila maelezo hujiona ameshahesabiwa. Ndugu anayemuuguza awe mmoja, asitembelee vitanda vingine.

Kumtorosha usiku kwenda kwa mganga ni kumtoa mahali pekee penye kisu na maabara. Mnayo njia nyingine: ombeni rufaa. Kutoka Tabora wengi hupelekwa Bugando, Mwanza, na wa mifupa wakati mwingine Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Barua ya rufaa itaje kimelea na dawa zote zilizokwisha tumika, ili huko nako wampokee kwa tahadhari.

Mara nyingi kinachobadilisha hali ni upasuaji: kuondoa kipande cha mfupa kilichokufa, au chuma kilichozungukwa na usaha. Bakteria hujenga utando juu ya vitu hivyo ambao dawa haipenyi hata ikiwa na S kwenye karatasi. Tundu linalotoa usaha miezi na miezi juu ya mfupa ni la daktari wa mifupa, si la famasi.

## Hatua ya 10: Mkirudi nyumbani

Kabla ya kutoka, mwombe muuguzi akuone ukisafisha kidonda kwa mikono yako, akukosoe. Kumtazama yeye hakutoshi.

Maji ya chumvi ya nyumbani: chemsha nusu lita hadi itokote vizuri, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, funika, poza. Yatumike siku hiyo, yakibaki mwaga. Nawa, ondoa bandeji chafu, nawa tena, ndipo uoshe. Gozi chafu zichomwe au zitupwe kwenye shimo la choo. Khanga na shuka zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani, zipigwe pasi.

Tarehe ya kliniki isipitwe kwa sababu kidonda "kinaonekana kizuri". Vidonge alivyopewa amalize kama alivyoelekezwa, vikibaki visigawiwe jirani mwenye jipu.

Mtu aliyewahi kuwa na kimelea sugu anaweza kukibeba tumboni au kwenye ngozi miezi mingi bila kuumwa. Nyumbani aishi na watu kama kawaida, ale nao, abebe watoto, kunawa tu kusilegee. Ila akilazwa tena popote, iwe kwa malaria au kujifungua, picha ya ile karatasi ya majibu itolewe kwenye simu dirishani pale pa mapokezi, kabla dawa yoyote haijaandikwa.